Bingwa wa Kona Ambazo Sikuzipanda

Nilikosa. Naanza na neno hilo kabla sijabadilisha mawazo, maana najijua: nikipewa nafasi ya kuzunguka nitazunguka mpaka usahau tulikuwa tunaongea nini. Nilimkosea mwanamke aliyenifichia aibu yangu. Nilimkosea kwa sentensi moja tu, tena nikiwa mezani kwake, nikisubiri kuku wake.

Jina langu sitalitaja. Watu wa Voi wa miaka ya sabini wakisoma hapa watanijua tu, na wakinijua wacheke, nimeshazoea. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya reli. Kijana, kitana kwenye mfuko wa shati, na pikipiki nyekundu niliyoipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Tulikuwa marafiki watatu wenye pikipiki: mimi, Odhiambo fundi wa injini, aliyetoka pande za Kisumu, na Mwadime wa dirisha la tiketi, mzaliwa wa Mwatate. Starehe yetu ilikuwa moja, kupanda milima ya Taita kwa piki, kona baada ya kona, mpaka Chawia kwenye baridi na ukungu, halafu kurudi Voi kwenye joto letu.

Lakini kazi ya reli ni ya zamu. Mmoja akiwa ofu, wengine wako kazini, kwa hivyo kila mtu alipanda peke yake. Ndiyo tukaweka sheria: ukipanda, lazima uteremke na kitu cha juu. Kabeji, nduma, karoti, chochote kilichong'olewa asubuhi ile. Jioni tunakipika nyumbani kwa Odhiambo huku mwenye safari akisimulia. Kabeji iliyonyauka haikubaliki. Lazima iwe na maji ya mlimani kwenye majani.

Hapo ndipo mimi nilipoharibika.

Mimi ni Mtaita, sikatai, lakini ni Mtaita wa tambarare. Baba alikuwa mkata mkonge. Nimezaliwa na kukulia kwenye shamba la mkonge, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni ule mlingoti wa mkonge ukitoa maua. Mara ya kwanza nilipotoka Mwatate kuanza kupanda, nilifika kona ya kwanza ya maana, nikatazama chini. Jameni, sijui ni nani aliyenituma kutazama chini. Niliona mapaa ya mabati madogo kama stempu, na kati yangu na hayo mapaa hakukuwa na kitu. Hata kichaka cha kujidanganya nacho hakikuwepo.

Niliigeuza piki kwa kuisukuma, huku nimeegemea upande wa mlima, nikarudi nayo Mwatate kwa miguu. Jasho lilinitoka mpaka viatuni.

Sasa pale Mwatate walikuwapo akina mama walioteremka kutoka juu na vikapu vyao vya mboga. Nikasimama. Nikawaza. Nikanunua kabeji moja, kubwa, nikaipeleka kwenye bomba nikaimwagia maji. Halafu nikachota matope mekundu nikayapaka kwenye tairi, mbele na nyuma, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayepaka mkate siagi.

Jioni ile Odhiambo aliishika kabeji, akaona maji yanadondoka, akatikisa kichwa. "Wewe umefika," akasema. Nami nikaanza kusimulia.

Na kusimulia nilijua. Hilo ndilo balaa lenyewe. Odhiambo, aliyekuwa akipanda kweli, hakuwa na la kusema: "Nilipanda, nikashuka, kuna baridi." Basi. Mwadime naye alizoea milima tangu tumboni mwa mama yake, hakuona cha ajabu. Lakini mimi! Mimi nilikuwa nawauliza akina mama wa vikapu, nawauliza madereva wa malori ya mboga: ile kona yenye mwamba, mvua ikinyesha maji hupitia wapi? Ile ya msitu, ukungu hushuka saa ngapi? Nikazijua kona zote kwa masikio. Nilipozisimulia, watu waliacha kutafuna.

Nikaitwa Kona. Jina likatoka kwa Odhiambo, likafika stesheni, likafika sokoni, likafika kanisani. Mzee wa kanisa mzima na heshima zake ananishika mkono mlangoni: "Habari ya asubuhi, Kona." Na mimi naitika. Nilikula kabeji za uongo kwa muda mrefu sana, ndugu yangu, na zilikuwa tamu.

Halafu Mwadime akaposa.

Msichana aliitwa Wakesho, wa Chawia. Harusi ilipangwa kufungwa Voi, kanisa letu, Jumamosi. Ndugu wa msichana waliteremka kwa lori siku iliyotangulia, wakalala kwa jamaa zao. Bibi harusi akabaki juu na shangazi yake, kwa maana kwa watu wa kwao msichana hatoki nyumbani mpaka shangazi amvike kwa mikono yake na kumwombea pale mlangoni. Asubuhi ya harusi ingepanda gari ya mwalimu mmoja kumchukua.

Gari ya mwalimu ikagoma. Waliisukuma mpaka mtaa wa pili, ikagoma. Odhiambo akafungua boneti, akaingiza kichwa, akakitoa, akakitikisa. Watu wamejaa kanisani, mchungaji anatazama jua, Mwadime ndani ya suti anatokwa na kijasho chembamba juu ya mdomo.

"Niacheni nichukue piki yangu nikamlete," akasema Odhiambo.

Mwadime akamshika bega. "Ndugu yangu, nakushukuru. Lakini huyu ni mke wangu, na jana mvua ilinyesha huko juu. Safari hii nampa Kona."

Kila mtu akanigeukia. Nilikuwa msimamizi wa bwana harusi, nimevaa suti ya kuazima, ua kifuani. Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, na Odhiambo angekwenda, na mimi ningechekwa wiki mbili tatu mambo yakaisha. Badala yake nilijisikia nikisema, "Usiwe na wasiwasi. Kabla ya wimbo wa pili tuko hapa."

Shetani naye huwa anashangaa saa nyingine.

Kufika Mwatate si kazi, barabara ni ya vumbi lakini imenyooka. Nikatafuta lori linalopanda, nijaribu kujipakia humo na piki yangu. Hakuna lori. Basi nikaanza. Pale barabara iliponyooka nilipanda piki. Nikiona kona inakuja, nashuka, naisukuma, uso nimeuelekeza kwenye ukuta wa mlima kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Nikiimaliza kona napanda tena. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi alinitazama nikifanya hivyo mara kadhaa, akaniuliza kama ni mashine imekufa. Nikamwambia ni nadhiri.

Nilifika kwao Wakesho nimelowa kama nimeogeshwa na suti. Shangazi mtu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, akanitazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye Kona mwenyewe? Oneni jasho, ameendesha kwa moyo." Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kabla ya kumwombea bibi harusi. Hilo nalo naungama: nilipokea maombi yasiyo yangu.

Wakesho akatoka. Gauni jeupe limekunjwa na kufungwa kwa leso kiunoni, koti la mvua la kiume juu yake, na chini raba za shule. Viatu vya harusi vilikuwa ndani ya kikapu. Msichana mwembamba, macho yanacheka hata mdomo ukiwa umefungwa. Akakaa nyuma yangu. Tukaondoka kwa vigelegele vya shangazi na majirani.

Mbele ya kona ya kwanza nikasimama.

"Kuna nini, shemeji?"

"Nasikiliza injini."

Akasubiri. Nikashuka, nikaisukuma piki na yeye juu yake, nikaipitisha kona. Mbele ya kona ya pili nikasimama tena.

"Na sasa?"

"Breki zinapoa."

"Hata hazijafanya kazi."

Kona ya tatu ni ile ya mwamba, ile niliyoisifia kuliko zote. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi hivi kwamba nilidhani tumezoeana. Nikatazama chini. Nikazima piki, nikaiweka stendi, nikaenda kukaa kando ya barabara kwenye majani yenye maji, na suti ya watu. Nikasema, "Dada, mimi siwezi."

Nikamweleza yote. Kabeji, bomba, matope ya tairi, akina mama wa vikapu. Yeye alisimama pale na shela lake mkononi, ananisikiliza, mpaka nilipofika kwenye matope. Hapo akacheka. Alicheka akainama, akajishika magoti, akafuta machozi kwa upindo wa leso. Mimi nilikuwa nalia kweli.

Alipomaliza akalifunga shela kwa nyuma, akavuta gauni juu ya magoti, akashika usukani. "Nipe ufunguo. Kaa nyuma."

"Wewe unajua?"

"Kaka yangu ni bwana shamba. Ana piki ya serikali. Unafikiri nani alikuwa anaiosha na kuijaribu kama imekauka?" Akaipiga stati mara moja ikawaka. "Baba hajui mpaka leo. Sasa kaa, nina harusi."

Ndugu yangu, sijawahi kuona mtu akiendesha vile, na wakati ule pia sikuona, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Lakini nilisikia. Kabla ya kila kona anapiga honi, anashusha gia, piki inanguruma kwa chini, halafu tunainama pamoja, mimi nikiwa nimemkumbatia mke wa rafiki yangu kama gunia la mahindi, shela linanichapa mdomoni. Akina mama waliokuwa njiani walijibana kando, wakaona gauni jeupe likipita mbele na suti ikiwa nyuma. Mmoja alipiga kigelegele. Mwingine alinyoosha kidole. Wakesho akawapungia mkono, na mimi nikapiga yowe kuomba aurudishe mkono kwenye usukani.

Tulipovuka Mwatate nikaanza kumwomba. Tulipofika Mraru, karibu na kuingia Voi, akasimama chini ya mgunga.

"Shemeji," nikamwambia, "nikiingia Voi nimebebwa na bibi harusi, mimi nimekwisha. Sina kitu kingine pale mjini isipokuwa hilo jina."

Akavua raba, akavaa viatu vya harusi, akalivua koti. "Sawa, nitakufichia. Lakini nami nakuomba kitu. Siku nikija kukuhitaji, usinikane."

Nikaapa. Nikavua kofia nikaapa.

Tukaingia Voi mimi nikiwa mbele. Watu walishangilia mpaka mbwa wakakimbia. Mwadime alikuja mbio, akanikumbatia mimi kwanza kabla ya mkewe, machozi yanamtoka. Kwenye hotuba akasema bila mimi asingekuwa na mke. Wakesho alikuwa ameinamisha uso kama bibi harusi anavyotakiwa, mabega yakimtikisika. Akina mama wakasema maskini, anawakumbuka kwao. Mimi nilijua anacheka.

Na alinitunzia siri yangu. Miaka ikapita, wakapata watoto. Kila nikialikwa pale kwao, akichinja kuku, firigisi ni yangu. Mnajua firigisi ni ya mwenye nyumba, haipewi mtu hivi hivi, na Mwadime mwenyewe alikubali niipewe. Wakesho ananiwekea kwenye sahani, anasema kwa upole, "Kula, Kona. Uliipata kwa jasho." Ananitazama kwa yale macho. Mimi nakula.

Sasa njoo tufike kwenye kosa.

Wakesho alikuwa anafanya kazi ya usaidizi kwenye zahanati moja pale Voi. Ukaja mradi wa afya, unatafuta mtu wa kupeleka dawa na kuwaona akina mama na wazee huko milimani, Chawia na pande zile. Kazi ya mshahara, na pikipiki mpya inatolewa. Anayejua kuendesha, anayejua Kidawida, lugha yetu Wataita, anayejua uuguzi kidogo. Yaani ni kama walikaa na kumchora Wakesho. Akaomba. Mkubwa wa mradi akasema, lete neno la mume wako kwamba amekubali, maana wakati ule ndivyo ilivyokuwa.

Mwadime hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Hakuwahi kumwona mkewe hata kwenye baiskeli. Wakesho akamwambia amejifunza kwa kaka yake, lakini kujifunza uwanjani si sawa na zile kona, au sivyo? Mwadime akasema atamuuliza mtu anayejua. Nikaitwa chakula cha mchana.

Nilikaa. Mwadime akanieleza yote. Halafu akaegemea mbele: "Mimi ninazijua zile kona kwa mazoea, wewe unazijua kwa akili. Niambie ukweli kama ndugu. Mwanamke anaweza?"

Wakesho alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kuku mikononi. Hakusema neno. Alinitazama tu.

Na akili yangu ikaanza kupiga hesabu zake za kishenzi. Akiendesha, watu watamwona. Wakimwona wataulizana ameanza lini. Yule mzee wa mbuzi atakumbuka. Wale akina mama wa njiani watakumbuka gauni mbele na suti nyuma. Na mimi nitakuwa nani?

Nikasema, "Kona zile si za mwanamke, ndugu yangu. Usije ukajilaumu."

Mwadime akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wakesho akaja taratibu, akaweka sahani mezani, akapakua. Mume akapewa paja. Mimi nikatazama sahani yangu. Nilikuwa nimewekewa shingo.

Kesho yake nikiwa stesheni, kwenye banda la mizigo, nikamwona anaingia na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba. Akampita kila mtu kwenye foleni, akamweka jogoo juu ya mizani, mbele yangu.

"Mzigo wako, shemeji," akasema, akaenda zake.

Wenzangu wakaniuliza ni sherehe gani. Nikasema zawadi. Lakini sisi ni watu wa kanisa. Tuliokulia Jumapili kwenye mabenchi yale tunajua jogoo wa Injili huwika mtu akishamkana mwenzake.

Nikaenda naye nyumbani. Ndugu yangu, yule jogoo hakuwa na saa. Aliwika alfajiri, akawika nikinywa chai, akawika nikivaa viatu, akawika mchungaji alipokuja kunitembelea, naye mchungaji akaketi sebuleni, akasema, "Una jogoo mwenye sauti nzuri." Nilinoa kisu mara nyingi. Kila nikimshika ananigeuzia jicho moja, nami naona yale macho ya mlangoni. Nikamwachia. Nikamnunulia mahindi.

Kazi akapewa kijana mmoja kutoka kwingine, mtanashati, miwani ya jua, helmeti inang'aa. Mwanzoni nilijisikia vizuri, nikasema basi, dawa zinafika, hakuna aliyeumia.

Siku moja nikiwa ofu nikapita Mwatate. Namwona yule kijana pale bombani. Ameinama. Anachota matope mekundu, anapaka tairi, mbele na nyuma, kwa utaratibu kabisa.

Nilisimama nikakauka. Hakuna mtu duniani aliyehitaji kunieleza ninachokiona.

Na kando ya barabara, kwenye kivuli cha duka, wamekaa wazee na akina mama wa Chawia wanasubiri. Aliwatumia salamu wateremke wenyewe, dawa watazikuta chini. Katikati yao alikuwa yule shangazi, yule aliyeniwekea mkono kichwani. Mguu umevimba, umefungwa kitambaa, fimbo magotini. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Kona! Mwanangu, njoo nikusalimie." Akanishika mikono yote miwili. "Nimeshuka tangu kabla ya jua. Kupanda tena ndiyo sijui. Nilikuwa nawaambia hawa: angekuwa Kona anatuletea dawa, nisingeteremka hata siku moja."

Nikamsalimia. Sikumbuki nilisema nini kingine. Najua nilirudi Voi polepole sana, na nilipofungua mlango wa nyumba jogoo aliwika.

Nikamweka kwapani, nikaenda kwa Mwadime hivyo hivyo, mchana, mtaa mzima unatazama. Walikuwa wanakula. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia kabeji ya kwanza. Nilisema nani aliyeendesha siku ya harusi na nani aliyefumba macho. Nilisema niliapa nini pale Mraru, na kwa nini nilisema zile kona si za mwanamke. Nikamwambia na habari za shangazi na mguu wake.

Mwadime akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Anasema mwenyewe," Wakesho akajibu, akaendelea kukata ugali.

Mwadime hakunipiga. Heri angenipiga. Aliweka kijiko chini, akasema polepole, "Kwa hivyo siku ya harusi yangu mke wangu alijileta mwenyewe. Na mimi nikakukumbatia wewe."

Nikatoka na jogoo wangu kwapani.

Yule kijana wa miwani aliondolewa haukupita muda. Mwadime alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa mradi, akasema mke wangu anaweza, nami nilikuja kulijua hilo baadaye. Wakesho akapewa piki. Kabla ya kuanza kazi akaniita. Akasema hana kinyongo, lakini kuna safari moja anaitaka: siku ya soko, Mwatate, watu wakiwa wengi, nipande nyuma yake mpaka Chawia. Na jogoo nije naye.

Nikapanda. Naomba uone picha hiyo: mtu mzima na masharubu, kikapu magotini, jogoo ametoa kichwa nje. Soko lote likanyamaza, halafu likalipuka. Odhiambo, aliyekuja na piki yake kushuhudia, alicheka mpaka akaiangusha. Yeye ndiye aliyelifuta lile jina la Kona papo hapo. "Abiria!" akaita. "Shikilia, Abiria!" Na hivyo ndivyo ninavyoitwa mpaka leo ninapoandika haya.

Wakesho akapiga honi, akashusha gia, tukainama. Safari hii nilifumbua macho. Niliona mapaa ya mabati, niliona ile kona ya mwamba, niliona ukungu ukishuka kwenye msitu. Niliogopa kila kona, lakini niliona. Ni milima mizuri sana. Niliisimulia kwa miaka na hata nusu ya uzuri wake sikuwa nimeipata.

Shangazi alichinja yule jogoo. Alipika yeye, akapakua yeye, mguu wake kwenye kigoda. Firigisi alimpa Wakesho, mbele ya wanaume wote, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mwadime na mimi tunasalimiana. Tunaulizana watoto, tunaulizana mvua. Lakini habari za moyoni hanipi tena, na zile jioni za kabeji kwa Odhiambo ziliisha. Hiyo ndiyo hasara yangu, wala siilalamikii.

Wewe unayesoma hapa, sikuambii usidanganye, maana utanicheka. Nakuambia hivi: kama kuna mtu aliyekubebea aibu yako akanyamaza, mkumbuke. Siku atakaposimama mlangoni bila kusema neno, anakutazama tu, jibu ukweli hapo hapo, hata kama utabaki huna jina. Usingoje uletewe jogoo.

Na kama unauliza mimi nilipewa nini pale kwa shangazi, nilipewa shingo. Niliila yote, na mifupa yake nikaifyonza.